Mama Kwenye Nyumba Namba Kumi na Nne

Ofisi ya makumbusho ilinituma kupiga picha mji wa bandari uliohamwa tangu kiwanda cha saruji kifungwe, miaka ishirini na mbili iliyopita. Mabuldoza yangeingia Jumatatu. Mama aliposikia, akavaa viatu.

"Nakwenda na wewe. Nyote watatu nimewazalia pale."

Asubuhi yote nilipiga picha za gati, winchi iliyoliwa na kutu, ghala lisilo na paa. Mama alikuwa nyuma yangu: hapa baba yenu alivunjika mguu, hapa tulipanga foleni ya maji. Nilimwitikia "ehe, ehe" tu, macho kwenye kamera.

Nyumba yetu, namba kumi na nne, haikuwa na mlango. Ndani bati lilikuwa limeanguka jikoni, na sakafu ilifunikwa na vumbi na kinyesi cha popo. Nilifurahi, ndiyo picha niliyoitafuta. Nilipomaliza kusimamisha kamera na kuinua kichwa, mama alikuwa ameshafunga matawi kuwa ufagio, anafagia.

"Mama, acha! Unaniharibia!"

"Naharibu nini, uchafu?"

"Wanataka nyumba ilivyo."

"Ilivyo lini? Nimekaa humu miaka kumi na saba, haikuwa hivi hata siku moja."

"Lakini nani atajua ni yako?"

"Mimi."

Nilitoka nje nimenuna. Nikamsikia anakohoa, anakohoa tena, na ufagio hausimami. Haya ikanishika. Nilirudi, tukalibeba lile bati, yeye huku, mimi kule, tukalitupa uani. Chini ya vumbi ikatokea sakafu nyekundu.

"Kila Jumamosi naipaka nta," alisema, "na nyinyi mnateleza juu yake kwa makalio mpaka suruali zinatoboka."

Nilikuwa nimesahau kabisa. Nikacheka, naye akacheka, kikohozi kikamrudia.

Alijipangusa uso, akasimama jikoni, wima kama askari. "Haya, piga."

Nilipiga tatu. Ofisini, mkuu wangu wa kazi aliitazama ile iliyotoka vizuri, akaguna. "Hii mbona kama nyumba ya mtu?"

"Ni ya mama yangu."

Hakuiweka kwenye maonyesho. Alichagua winchi na ghala. Nilisafisha nakala kubwa nikampelekea mama. Aliisogeza karibu na macho, akaisogeza mbali.

"Dirisha hatukulifuta," akasema, akaenda kutafuta msumari.