Mashahidi wa Bao la Ukunguni

Katika mji wa Balcarnie hakuna mzee aliyevuka miaka sabini ambaye hakuliona bao la Hector Tavendale. Kitabu cha klabu ya mpira kinasema walioingia uwanjani siku ile ya mwaka mpya wa 1966 walikuwa watu elfu moja mia moja na arobaini. Walioliona bao, kwa kauli zao wenyewe, wameshapita elfu nne, na kila wakizikwa wawili wanajitokeza watano wengine. Ukungu wa bahari ulikuwa mzito siku hiyo kiasi kwamba mshika kibendera alikiri baadaye kuwa kipindi chote cha pili alikuwa akifuata sauti. Lakini bao waliliona.

Shahidi mkuu alikuwa Erchie Menmuir, seremala mstaafu wa miaka themanini na moja. Hakuna aliyelisimulia kama yeye. Alianza na zama zenyewe, zama za mpira wa kweli, Krismasi ilipokuwa siku ya kazi kama Jumanne yoyote, wanaume wakitoka karakana ya meli saa sita mchana na grisi mikononi, moja kwa moja uwanjani. Aliyerudi nyumbani kabla ya saa kumi alidhaniwa mgonjwa. Kisha tarehe moja Januari, mechi ya mahasimu dhidi ya mji jirani wa Pitlourie, na tarehe mbili mechi nyingine, wachezaji wakiwa bado wananuka wiski ya mkesha. Mpira ukilowa ulikuwa mzito wa kumzimisha beki. Choo kilikuwa ukuta. Hapo Erchie alishusha pumzi na kusema kwamba siku hizi vijana wanataka viti, tena viti vyenye mgongo.

Halafu bao lenyewe. Miaka ya mwanzo Hector alipiga akiwa hatua kumi na mbili kutoka golini. Kadiri Erchie alivyozeeka, Hector naye alirudishwa nyuma, mpaka siku hizi akawa anapigia karibu na mstari wa katikati. Erchie akiongezewa glasi ya pili, upepo nao ulikuwa wa mbele.

Tatizo lilikuwa moja tu: Erchie hakuwepo. Na aliyelijua hilo alikuwa akilala naye kitanda kimoja: mkewe, Netta.

Saa ile bao linafungwa, Erchie alikuwa Mtaa wa Shore, jikoni kwa mama mzazi wa Netta, mbele ya pai ya nyama ya ng'ombe ya mwaka mpya, akimwomba Netta wafunge ndoa. Alikuwa amekataa mechi kwa ajili hiyo, jambo ambalo mwanamume wa Balcarnie hulifanya mara moja maishani na hasimulii. Netta, binti wa miaka kumi na tisa, alijifuta mikono kwenye aproni akasema atafikiri. Alifikiri mpaka Aprili.

Erchie akatoka nje uso umemshuka. Kwenye kona akakutana na umati unaotoka uwanjani, watu wanakumbatiana, na mmoja akamkamata kola akamuuliza kama ameliona. Sasa aseme nini? Aseme alikuwa anaambiwa asubiri? Akasema ameliona. Wahenga husema njia ya mwongo ni fupi, lakini ya Erchie ilikuwa imetimiza miaka sitini na ilikuwa haijapata hata shimo.

Netta mwanzoni alicheka. Kisha watoto wakaja, na wajukuu, na kila mmoja kwa wakati wake akauliza babu alimposa bibi siku gani. Netta akawa anajibu kwamba amesahau, ili asimwaibishe mumewe, maana tarehe ile ilikuwa tayari na mwenyewe, bao la Hector. Jambo hilo lilimchoma kuliko alivyoonyesha.

Mwaka huu ndipo mambo yakaiva. Kwa muda mrefu televisheni iliivuta mechi ya mwaka mpya huku na huko, mara Desemba ishirini na nane, mara Januari tatu asubuhi na mapema, saa ambayo wanaume wa Balcarnie bado hawakumbuki majina yao. Msimu huu timu zote mbili zilikuwa zimeshuka daraja mpaka mahali ambapo kamera hazifiki, basi mechi ikarudi tarehe moja. Lorimer Peddie, mwenyekiti wa Kamati ya Kumbukumbu, aliuita huo ushindi wa mila. Ili kuusherehekea, kamati ikaagiza bamba la shaba la majina ya mashahidi wote walio hai, na ikamleta Hector Tavendale mwenyewe kutoka Kanada. Ili jina liingie, ilitosha wanakamati watatu waape kuwa walikuona siku ile. Peddie mwenyewe alizaliwa Machi ya mwaka huohuo, miezi miwili baada ya mechi, lakini alisema mama yake alikuwepo, na yeye alikuwa tumboni.

Jina la Erchie lilikuwa la kwanza, na ndiye aliyechaguliwa kuhutubia. Barua ilipofika Netta aliisoma mara mbili.

"Erchie," alisema, "maneno ya baa yanaisha na pombe. Shaba haiishi. Jina lako likikaa pale, basi siku ile kwa mama yangu hakuja mtu. Sikuposwa mimi."

Erchie alimwambia asikuze mambo, ni bamba tu. Netta akarudi kwenye vitunguu vyake. Kwa siku tatu alimpikia vizuri sana wala hakumsemesha, na mwanamume aliyewahi kupikiwa hivyo anajua kuwa hakuna adhabu kama hiyo.

Asubuhi ya mwaka mpya mlango ukagongwa. Alikuwa Hector Tavendale, miaka themanini na minne, ameshika donge la makaa ya mawe kama inavyompasa mgeni wa kwanza wa mwaka. Mgeni huyo, kwa mila ya huko, hutakiwa awe na nywele nyeusi ili alete heri. Hector hakuwa na nywele za rangi yoyote, wakamsamehe. Alikaa jikoni bila kuvua koti, akapokea wiski, akawatakia heri, kisha akauweka mkono wake juu ya mkono wa Erchie.

"Mzee mwenzangu, wanasema wewe uliliona kuliko wote. Hebu niambie. Nilifunga mimi?"

Erchie alidhani anataniwa. Hector hakuwa anatania. Alisema siku ile aliteleza, akalala kifudifudi kwenye tope, na alipoinua kichwa wenzake walikuwa wamemlalia wakimbusu. Kama mpira aliugusa, hakujua. Ameishi Kanada miaka hamsini, akiitwa shujaa katika kadi za Krismasi kwa jambo ambalo hana hakika nalo. Tangu ashuke ndege ameuliza mashahidi tisa. Watatu wamesema mguu wa kushoto, wawili wa kulia, wanne wamesema kichwa.

"Nina umri huu," alisema. "Nataka nijue kabla sijafa, basi."

Erchie akafungua mdomo, na kwa mazoea ya miaka sitini hadithi ikaanza kutoka, kwanza baridi, kisha ukungu, kisha mpira uliolowa. Nyuma yake Netta akaweka kijiko mezani, polepole. Erchie akakisikia. Akamtazama yule mzee aliyevuka bahari kuja kuulizia maisha yake mwenyewe, akaacha kusimulia. Aliona aibu kuliko siku yoyote aliyoikumbuka.

"Sikuwepo, Hector. Nilikuwa Mtaa wa Shore namposa huyu."

Hector akaanza kucheka, akacheka mpaka machozi yakamtoka, akasema asante, wewe ndiye wa kwanza. Netta hakucheka. Alifunika sufuria, akavua aproni na kuchukua koti lake.

"Sasa kawaambie na wao," alisema. Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya kwanza kwa mumewe baada ya siku tatu.

Saa nane na nusu uwanja ulikuwa umejaa kofia bapa na skafu za sufu zilizofumwa upya zionekane za zamani. Kamati ilikuwa imeng'oa viti vya upande mmoja ili watu wasimame kama enzi zile, na mashahidi, waliopigania jambo hilo kwa barua kumi na saba, walikuwa tayari wanatafuta pa kuketi kwa sababu ya magoti. Walipashwa joto kwa supu ya nyama vikombeni. Mmoja aliulizia choo, akaonyeshwa ukuta. Akauliza tena.

Erchie alipanda jukwaani. Pazia la buluu lilifunika bamba. Umati ulikuwa ukingoja hadithi ya baridi, ukungu na mpira uliolowa, na Peddie alikuwa ameshaanza kutikisa kichwa kwa hisia.

"Mimi sikuliona bao," Erchie alisema kwenye kipaza sauti. "Sikuwepo. Siku ile nilikuwa jikoni kwa marehemu mama mkwe wangu, nikimwomba Netta anikubali. Nimewadanganya miaka sitini. Jina langu litolewe hapo."

Erchie hakumtazama mtu ila mkewe, aliyesimama safu ya mbele, mkoba kifuani. Macho ya Netta yalikuwa yamejaa maji naye hakuyafuta. Erchie alihisi mzigo umemshuka, akasema moyoni kwamba kama wakimzomea, na wazomee.

Hawakumzomea. Ingekuwa heri. Peddie aliiva uso kisha akapauka, maana kama shahidi mkuu hakuwepo, basi waliomwapia walimwona wapi? Na walioapiwa na hao? Shaba yote ingeyeyuka. Chae Duthie, fundi bomba mstaafu, ndiye aliyeokoa jahazi.

"Acha unyenyekevu, Erchie," alipaza sauti kutoka chini. "Ulikuwa ubavuni kwangu. Ulinishika mkono tusipoteane ukunguni."

Mwingine akasema alimwazima kiberiti. Wa tatu alikumbuka alivyolia bao lilipoingia. Baada ya dakika moja Erchie alikuwa na mashahidi kumi na wanane wa kuwepo kwake, na yeye peke yake wa kutokuwepo. Aliwaambia tena, kwa sauti kubwa zaidi. Watu wakapiga makofi, wakaambiana kwamba wazee wa zamani hawakuwa watu wa kujisifu. Peddie akampokonya kipaza sauti kwa upole akampa Hector, naye Hector akasema kuwa hata yeye hakuliona bao. Uwanja mzima ukaangua kicheko. Walisema Kanada haikumharibu.

Pazia likashuka. Jina la Erchie Menmuir lilikuwa la kwanza kabisa, limeng'arishwa. Erchie alitaka kulificha kwa mkono lakini Peddie alidhani anataka kupigwa picha, akampanga vizuri.

Mechi ilianza. Mpaka mapumziko hakuna aliyefunga wala aliyekaribia, na Erchie na Netta wakaenda kupanga foleni ya pai. Netta alikuwa ameingiza mkono mfukoni mwa koti la mumewe, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa miaka mingi, na kwa Erchie hilo lilitosha, bamba liseme litakalo.

Mbele yao, watu wanne hivi, Chae Duthie alikuwa akiwasimulia wenzake, ameipa foleni mgongo.

"Ile siku ya Mtaa wa Shore? Mimi nilikuwepo, bwana. Nilikuwa napita chini ya dirisha. Erchie kapiga goti, la kushoto. Na Netta hakumwacha amalize. Kasema ndiyo palepale, machozi yanamtoka."

Mwanamke mmoja akasema hata yeye anakumbuka, na harufu ya pai ilifika mpaka barabarani. Mwanamume mwingine alidhani goti lilikuwa la kulia, wakabishana. Ndipo Chae alipogeuka akamwona Netta. Hakushtuka hata kidogo.

"Si ndivyo, Bi Netta? Ulisema ndiyo hapohapo?"

Foleni nzima ikageuka. Erchie akainamisha macho, maana zamu ya ukweli ilikuwa yake asubuhi, na sasa ni ya mkewe. Netta alimtazama mumewe, kofia yake bapa, pua yake nyekundu kwa baridi.

"Hapohapo," alisema Netta. "Hata pai ilikuwa haijakatwa."

Erchie, aliyezihesabu moja moja zile wiki kumi na nne za kusubiri, hakumsahihisha.