Mkono Ndani ya Visanduku

Saa ya mapumziko ilipofika, Béatrice alipasha wali na maharage kwenye ile maikrowevu ya mwisho isiyounguza, akaketi karibu na mashine ya soda, akafungua fumbo la siku hiyo kwenye simu. Ghala lenyewe lilikuwa la viatu, hapo Louisville, Marekani, na tangu asubuhi alikuwa akifunga maboksi. Mafumbo ni ya namba na visanduku. Pembeni mwa kila mstari na juu ya kila safu kuna namba zinazokuambia visanduku vingapi vipakwe rangi nyeusi. Ukipiga hesabu zako vizuri bila kubahatisha, mwishoni inatokea picha. Kwa watu wengine hutokea bata, mwavuli, kikombe cha chai. Kwa Béatrice walikuwa wakitokea ndugu zake.

Ilianza majira ya baridi. Kwanza alitokea Ntwari, kitindamimba wao anayekaa Columbus, amelala kwenye kochi na jua limeshaingia dirishani. Béatrice akampigia. "We Ntwari, mpaka saa hizi umelala?" Ntwari akaamka, akaomba radhi, akaenda kuoga. Hakuuliza dada yake amejuaje. Dada mkubwa ndiyo kazi yake kujua. Baadaye ikatokea sufuria ya Reginaldi, ndugu yao wa kati aliyeko Buffalo, inaungua jikoni na mwenyewe hayupo. Naye akapigiwa, akakimbia kuzima jiko. Kuna watu Mungu huwapa ndoto, kuna wanaopewa maono kanisani. Béatrice alipewa visanduku, tena bure, mradi uvumilie matangazo ya sabuni.

Siku hiyo jina la fumbo lilikuwa "Birika". Birika halikutoka. Ulitoka mkono wa kushoto, umekunjuliwa, na kidole gumba kimepinda kwa nje. Gumba lile alilijua. Reginaldi aliliumiza utotoni, katika kambi ya wakimbizi wa Burundi kule Kigoma, akichanja kuni, na hakuna aliyelinyoosha vizuri. Gumba lilikuwepo, cha shahada kilikuwepo, na cha mwisho pia. Cha kati na cha pete havikuwepo.

"Loh!" akasema Béatrice. "Vimeenda wapi hivi?"

Mukandoli, mama wa Kikongo aliyekuwa akila naye meza moja kila siku, alichungulia simu. "Bon, labda haujamaliza kupaka."

"Nimemaliza."

"Donc iko vile," akasema Mukandoli, akamsogezea pilipili.

Chini ya picha kuna mahali ambapo watu wa dunia nzima huandika maoni yao na kubonyeza vialama vya moyo au vya kucheka. Béatrice alisoma, na siku hiyo wengine nao walikuwa wametokewa na mkono. Mtu mmoja alisema alidhani ni jani. Mwingine alisema ni glavu nzuri sana, amempa mjukuu wake aione. Wa tatu alilalamika kwamba fumbo lina kasoro, vidole viwili vimesahauliwa, na wenye mtandao walikuwa wameshamjibu kwa adabu: wamekagua, picha iko sahihi. Mioyo ilikuwa mingi kuliko ya siku zote. Béatrice alishindwa kumaliza maharage.

Alimpigia Reginaldi akiwa kwenye gari, kabla hata hajaliwasha.

"Bwana asifiwe, dada."

"Amina. Washa kamera nikuone."

"Kamera imeharibika."

"Reginaldi, nimeuona mkono kwenye fumbo."

Reginaldi akauliza, "Umeuona upi?"

"Wa kushoto."

"Basi ndio huo," akasema.

Akamweleza, kama mtu anayesimulia habari za hali ya hewa. Kiwandani kwao wanatengeneza ndoo za plastiki, na yeye alikuwa kwenye mashine ya kukata vifuniko. Mashine ile ina kibati mbele cha kuzuia mikono isiingie. Kibati kinachelewesha kazi, kwa hiyo kilifunguliwa zamani na kuwekwa chini, ukutani. Vidole vilipokwenda, Mzee Samsoni ndiye aliyemfunga kwa shati lake, akamtia ndani ya gari, akampeleka kutibiwa. Njiani wakakubaliana kusema ni mlango wa gari.

"Mlango wa gari!" akasema Béatrice. "Mlango gani unakula vidole viwili vya kati na kuacha vya pembeni?"

"Hawakuuliza, dada."

Hapa lazima msikilizaji amfahamu Mzee Samsoni, la sivyo atamhukumu haraka. Ndiye aliyemzika baba yao kambini wakati hakuna hata ubao wa jeneza. Alipofika Buffalo alianza kazi kwenye kiwanda kile akiwa hajui Kiingereza zaidi ya "yes", na miaka ilivyokwenda akawaingiza watu wa kanisa lake mmoja mmoja, kila mmoja kwa ahadi ya mdomo wake: huyu ni wa kwetu, hatawasumbua. Na kwa Warundi wale, mtu akishakusemea kazini, kazi si yako peke yako. Ni jina lake pia. Ukichelewa, amechelewa yeye. Ukienda kushtaki, umemshtaki yeye. Kwa hiyo watu walifanya kazi hata na homa, na anayeumia aliumia nyumbani kwake.

"Usimwambie mtu," akasema Reginaldi. "Mzee ataaibika."

"Mficha maradhi kifo humuumbua, Reginaldi."

"Si maradhi, dada. Pameshapona."

Béatrice alikata simu, akalia mle garini, kisha akaenda nyumbani, mtaa wa Newburg, kupika. Alimwonyesha binti yake Isaro ile picha. Isaro aliitazama, akasema kwa Kiingereza kwamba maskini anko, akauliza kama kuna chapati.

Fumbo lililofuata liliitwa "Meli". Ilitoka mashine, na pembeni yake kibati kimeegemea ukuta. Mtu mmoja kwenye maoni alisema meli hiyo haina bendera. Lililofuata hilo liliitwa "Tembo", na Béatrice alipoanza kupaka masikio alishusha pumzi, akidhani safari hii angalau ni tembo kweli. Masikio yalikuwa ya Ntwari. Ukoo wao wote una masikio, lakini ya Ntwari yamezidi. Alikuwa amesimama mbele ya mashine, amevaa aproni, mkono wa kulia ameunyoosha mahali kibati kilipopaswa kuwa.

Hapo ndipo Béatrice alipoogopa kwelikweli. Ya Reginaldi yalikuwa yameshapita, na maji yakimwagika hayazoleki. Haya ya Ntwari yalikuwa bado hayajamwagika.

Alimpigia, na Ntwari akapokea akicheka. "Dada, nilikuwa nakutafuta! Nafasi imefunguka Buffalo. Mzee Samsoni amenisemea, naanza Jumatatu."

"Nafasi imefungukaje, Ntwari?"

"Mzee hakusema. Kuna mtu amehamishwa sehemu ya kufagia."

Aliyehamishwa kufagia alikuwa Reginaldi. Ntwari hakulijua hilo. Alichojua ni kwamba ghala lake la Columbus lilikuwa limempunguza, na kwamba wazazi wa Mizero, msichana wa Buffalo aliyekuwa amemposa, walikuwa wameanza kuuliza kijana huyu anafanya nini na mikono yake. Kwa hiyo alifunga na kuomba. Kanisani kwao mtu hachukui kazi, mke wala nyumba bila kupata uthibitisho kutoka juu. Na akiwa amefunga, midomo imekauka, alifungua fumbo la siku ili ajisahaulishe njaa.

"Kwangu huwa wanatoka bata tu, unajua," akasema. "Leo nimetoka mimi, dada! Mimi mwenyewe, na aproni, na mashine! Nimelia. Nimeituma kwenye gurupu la kanisa, wote wamesema amina."

"Ntwari, mdogo wangu, hilo si jibu. Hilo ni onyo."

"Onyo lingekuja na moto," akasema Ntwari. "Hii imekuja na aproni."

Béatrice aliingia kwenye gurupu la kanisa. Kweli, amina zilikuwa zimepangana kama matofali. Alitaka kuandika yote: kibati, shati la mzee, mlango wa gari. Vidole vyake vikakataa. Kumvua nguo mzee mbele ya watoto aliowabatiza, hilo hakulelewa nalo. Basi akaituma picha ya ule mkono peke yake, bila neno, akiamini kwamba mwenye macho ataona. Jibu la kwanza lilitoka kwa mama mmoja wa kwaya: "Amina! Mkono wa Bwana umetunyooshea!" Wakafuata wengine. Mmoja akasema ameuweka kuwa picha yake ya simu. Mzee Samsoni mwenyewe, ambaye aliufunga mkono ule kwa shati lake, aliweka vile viganja viwili vya kuomba.

Jumamosi Béatrice alimwacha Isaro kwa Mukandoli, akashika barabara ya 71, akapita Cincinnati bila kusimama, akafika Columbus mchana. Ilikuwa siku ya kumwombea Ntwari safari. Viatu vilijaa mlangoni. Ndani walikuwepo watu wa kanisa la Columbus, na Mzee Samsoni aliyekuja na gari kumchukua kijana, na Reginaldi, mkono wa kushoto mfukoni. Béatrice alisalimia wote mmoja mmoja kama inavyotakiwa. Alipofika kwa Reginaldi akautoa ule mkono mfukoni, akaushika mbele za watu, na hakuna aliyeuliza chochote, maana walikuwa wameshauona kwenye simu.

"Baba Samsoni," akasema, bado amesimama. "Naomba unisamehe, mimi ni mtoto wako. Kile kibati kimerudishwa?"

Mzee Samsoni alikuwa mtu mrefu, mwenye sauti ya chini. Hakukasirika. "Binti yangu, niliomba. Nilimwendea bosi kwa heshima. Akasema litaangaliwa."

"Na limeangaliwa?"

"Ndoo zinatakiwa nyingi sasa hivi."

"Basi mtoto asiende."

"Asipokwenda huyu, kesho nikimsemea mwingine hawatanisikia. Nyuma yangu kuna familia nyingi, Béatrice. Unataka niwaambie nini?"

"Waambie kiwanda kimekula vidole vya mtu!"

"Tulishasema ni mlango," akasema mzee, na macho yake yakajaa maji, machozi ya kweli kabisa, kwa sababu alimpenda Reginaldi. "Leo nikisema si mlango, mimi ni mwongo, na wote niliowasemea ni watu wa mwongo."

Béatrice alikaa kwenye zulia, akaweka simu juu ya meza ya chai, akafungua fumbo la siku hiyo, lililoitwa "Ua", akaanza kulipaka mbele yao. Watu walisogea. Mama wa kwaya alikuwa mwepesi wa hesabu, akawa anamwonyesha kisanduku alichokiruka. Mandazi yalizunguka. Kadiri visanduku vilivyojaa ndivyo sebule ilivyozidi kutulia, hata watoto waliokuwa chumbani wakatoka kuangalia.

Ulikuwa mkono wa kulia, na pete ya uchumba ya Ntwari ikionekana vizuri kabisa katika kidole chake. Ila kidole kile kilikuwa peke yake mbali kidogo, kwenye kona ya picha, na vingine viwili karibu nacho.

Béatrice alimtazama mdogo wake. Ntwari alikunjua mkono wake wa kulia, akaulinganisha na simu, akaugeuza nyuma na mbele. Uso wake ulikuwa umepauka, na kwa muda Béatrice aliamini kwamba amempata.

"Ni wa kulia," akasema Ntwari hatimaye. "Basi pete nitahamishia kushoto."

Watu wakashusha pumzi. Kulikuwa na busara katika hilo, wakaiona. "Mnaona?" akasema Mzee Samsoni akijifuta macho. "Mungu hamfichi mtoto wake kitu. Anamwonyesha mapema ili ajiandae." Wakasimama, wakaomba kwa sauti kubwa, wakaombea na mkono wenyewe, kila mmoja akiugusa kwa zamu. Béatrice naye aliugusa. Ulikuwa na joto na jasho, na aliuminya mpaka Ntwari akasema, "Dada, unaniumiza."

Maombi yalipokwisha, mzee alitoka kwenda kuweka mafuta kwenye gari. Wengine walikunja viti. Reginaldi alimwita mdogo wake waketi pale mlangoni, akavuta kiatu kimoja katika lundo, cha kamba, akakiweka katikati yao.

"Ukifunga kwa mkono mmoja, anza na kamba ya kushoto," akasema. "Unaikanyaga huku kwa kidole kidogo, hii unaizungushia gumba. Usikimbilie kutumia meno."

Ntwari aliuweka mkono wa kulia nyuma ya mgongo, akajaribu, kamba ikamponyoka. Akajaribu tena. Reginaldi akamwonyesha upya, polepole, kama alivyojifunza yeye mwenyewe peke yake wakati wa baridi. Kiatu kilikuwa kinateleza kwenye sakafu, ikawa tabu. Béatrice akapiga magoti, akakishika kwa mikono miwili kisiende, mpaka kijana akajua.