Jina la Mbeho

Bodaboda ilimshusha bibi tusiyemjua mbele ya nyumba yetu kijijini Bahi, asubuhi ambayo ukoo ulikuwa unakusanyika kuombea mvua. Alikung'uta vumbi kwenye kitenge, akamtazama babu yangu Kefa.

"Mtemi, mimi ni Emilia. Mbeho alikuwa bibi yangu."

Kijiko cha uji cha babu kilisimama kabla ya kufika mdomoni.

Serikali ilifuta utemi zamani, lakini kigoda cha mtemi kimebaki kwetu. Kila mwaka kabla ya kupanda, anayekikalia hutaja majina ya watemi wote hadi baba yake. Majina saba, yote ya wanaume. Akikosea, anarudia; akikosea tena, anainuka, anakaa mwingine. Kwa miaka thelathini na nane babu hajakosea.

"Sitaki shamba wala ng'ombe," alisema Emilia. "Njaa ya Mtunya, ile ya baada ya vita vya Wajerumani, ilipowatawanya wanaume, bibi yangu alikalia kigoda hiki misimu miwili, amempakata baba yako, mrithi, akiwa bado mchanga. Nataka atajwe pamoja na watemi wenzake."

Gerson, mdogo wake babu, alicheka. "Dada, kigoda kina miguu mitatu tu. Hakina nafasi ya gauni."

"Alikikalia na mtoto juu, hakikuvunjika. Wewe na tumbo hilo, sijui."

Wanawake tuliangua kicheko. Babu hakucheka.

"Ni kweli," alisema. "Baba aliniambia, akanikataza kusema. Nitamtaja."

"Kaka, hilo watalihesabu kosa," alisema Gerson, sasa bila utani. "Na anayefuata ni mimi."

"Najua."

Jua lilipopanda tulikwenda zizini. Babu alikaa kwenye kigoda, kitambaa cheusi mabegani. Sisi wanawake tulibaki nje ya boma la miiba, kama siku zote. Majina sita yalitoka bila kusita. Kabla ya jina la baba yake alisema taratibu, kama mtu anayeweka yai chini:

"Mbeho."

Miaka mitatu chuoni nimeandika kurasa nyingi kuhusu usawa wa kijinsia, lakini sikuwahi kusikia neno moja likiwa kubwa namna ile. Emilia alinishika mkono.

"Umekosea, Mtemi," alisema Gerson kwa sauti ndogo. "Rudia."

Babu angeweza kuliruka jina hilo. Emilia alikwisha kulisikia, na kigoda kingebaki chake. Lakini kuliruka sasa kungekuwa kukubali kwamba Mbeho alikuwa kosa.

Babu alianza upya, toka jina la kwanza. Alipomaliza la sita aliinua kichwa, akatutazama sisi tuliokuwa nje ya miiba.

"Mbeho," akasema, kwa sauti kubwa kuliko mwanzo.

Akamalizia na baba yake. Kisha akavua kitambaa, akashika goti, akainuka. Alikipangusa kigoda kwa kiganja, akakisogeza kwa mdogo wake.

Gerson alikitazama: akikaa, naye angelazimika kumtaja Mbeho au kumruka mbele yetu sote. Bado alikuwa amesimama.