Kayaki ya Gladys na Kilo za Ushauri

Na iandikwe katika kumbukumbu za taifa kwamba Jumapili moja ya Agosti, saa mbili asubuhi, wanaume wa Gesima walisimama kama mtu mmoja kumsaidia Gladys Nyanchama kupakia kayaki juu ya gari. Sehemu ya kusimama ni kweli.

Kayaki ni mtumbwi mwembamba wa plastiki, wa mtu mmoja. Ya Gladys ilikuwa ya manjano, kilo ishirini na mbili. Aliipata kwa kubadilishana na ndama wake, na baba yake alikuwa bado hajaisamehe. Alijifunza kuiendesha kwenye bwawa lililo chini ya mashamba ya chai. Sasa hoteli moja ya Homa Bay ilitaka mwalimu, afike saa tano kamili na kayaki yake mwenyewe. Akichelewa, kazi ingekwenda kwa mwingine, naye angerudi kuchuma chai ya shangazi yake.

Aliegesha gari la kuazima, Probox, mbele ya kituo cha kununulia chai, mahali pekee pa tambarare. Mpango ulikuwa rahisi: blanketi juu ya mlango wa nyuma, pua ya kayaki juu ya keria, zile vyuma za kubebea mizigo paani, kisha kusukuma. Mtu mmoja anatosha. Akainua pua.

"Anza na mkia," alisema Makori wa bodaboda, bila kushuka kwenye pikipiki.

Kayaki ikaongezeka kilo moja. Gladys aliihisi kwenye viwiko, akaishusha.

"Usimsikilize huyo, hata pikipiki yake huwa inasukumwa," alisema Okemwa wa duka la dawa za mifugo. "Weka ubavu kwanza."

Hizo zilikuwa kilo mbili, kwa sababu Okemwa aliwahi kufika chuo.

Kufikia saa mbili na nusu walikuwa wanaume kumi na wawili, kila mmoja na njia yake. Gladys aliiburuta kayaki hadi kwenye mizani ya majani chai. Ilisoma arobaini na moja. Karani Nyabuto akakata kilo mbili za uzito wa gunia kama kawaida, ingawa hapakuwa na gunia. Hakuna aliyeshangaa. Wakulima wa hapo wamezoea mizani yenye mawazo yake.

Ndipo Mzee Ogoti akasafisha koo. "Hata akiinua, ataifunga vipi bila kupanda? Mwanamke hapandi juu ya paa. Ni mwiko."

"Paa la nyumba, Tata," alisema Gladys, akimwita baba kwa heshima. "Hili ni gari."

"Okemwa alilala kwenye Probox wiki mbili mke wake alipomfungia mlango. Hiyo ni nyumba."

"Siku tisa," alisema Okemwa.

Hoja hiyo ilijadiliwa kwa kina. Mizani ikapanda hadi sitini na nane. Ilikuwa saa tatu kasoro dakika kumi, na Homa Bay ni mwendo wa saa mbili.

"Sawa," alisema Gladys. "Tata, panda ufunge wewe. Makori, shika mkia. Okemwa, ubavu."

Mikono ikaingia mifukoni.

"Mgongo wangu unajulikana," alisema Mzee Ogoti. "Kwani mimi nilisema nini?" Kilo kumi na tano zikatoka.

"Mimi nilikuwa napita tu," alisema Makori, aliyekuwa hapo tangu alfajiri.

Okemwa alisema wazo la ubavu halikuwa lake. Mmoja baada ya mwingine wakakana, na mizani ikashuka hadi ishirini na tatu.

"Bado moja," alisema Nyabuto. "Kuna mtu anaendelea kushauri."

Wakatazamana. Gladys hakusubiri. Aliinua pua, akasukuma, akakanyaga gurudumu, akapanda juu ya Probox na kuifunga kayaki kwa mipira ya tyubu. Mzee Ogoti aligeukia upande wa kanisa ili asiwe ameona.

Kazi aliipata. Kesho yake sokoni wanaume kumi na wawili walieleza, kila mmoja, jinsi alivyoshika mkia. Hadi leo Gladys akirudi nyumbani na kupakia tena, wanaume husimama kumshauri, kayaki huongezeka uzito, yeye huwaomba msaada, nayo hupungua. Ni jambo la kawaida.

Ile kilo moja tu ndiyo iliyobaki bila mwenyewe. Ilisemekana ni umande. Hadi juzi, Gladys aliposimama mlangoni kwetu na video iliyomfikia kwenye simu, iliyorekodiwa kutoka nyuma ya michai. Wanaume wote wakiwa wameshakana, sauti ya mwanafunzi wa kidato cha tatu inanong'ona: "Mimi ningeigeuza kwanza."

"Sauti ya nani hii?" aliuliza.

"Nilikuwa likizoni," nilisema.

"Sijauliza ulikuwa wapi."

Basi nakiri. Kilo ile ni yangu. Mkono mmoja ulishika simu. Ule mwingine haukuwa na kitu.