Wetu, Si Wetu

Walimfunga kaka yangu mikono kwa waya wa televisheni yangu mwenyewe. Fundo lilikuwa la kubana, la mtu aliyezoea kufunga mizigo. Nilihangaika nalo kwa kucha huku nikiwaza kitu cha ajabu: waya huu ukikatika, nitapata wapi mwingine wa saizi hii?

Miezi miwili kabla, nyumba sita za mtaa wetu zilikuwa zimevunjwa, zote mchana, wenyewe wakiwa wametoka. Kwa jirani yangu, mwalimu mstaafu, wezi walibeba mpaka pasi ikiwa bado ya moto. Tukaitisha kikao, tukakodi kampuni ya ulinzi, wakatuletea walinzi wanne wa doria wenye sare za buluu na baiskeli. Mimi nikachaguliwa katibu, kwa sababu nina diploma na mdomo. Utaratibu niliubuni mwenyewe: mlinzi akikutana na sura asiyoijua, hasa yenye mzigo, anampigia katibu. Katibu anajibu moja kati ya mawili: wetu, au si wetu. Watu wakapiga makofi. Nikakaa chini, kichwa kimevimba.

Orodha ya wakazi pia niliiandika mimi. Nyumba yangu: mimi, mke wangu, mabinti wawili. Wiki moja baadaye kiwanda cha kaka yangu mkubwa kikafungwa, akahamia chumba chetu cha uani. Nikawa nasema nitamwongeza kesho. Kesho haina mwisho.

Asubuhi ya siku ile nilimwambia, "Kaka, nipelekee hii televisheni kwa fundi. Inaonyesha watu wa kijani."

"Labda ndiyo rangi yao," akasema. "Sisi ndio tumepauka."

Utani tumekua nao. Tangu utotoni, mmoja akiharibu kitu, mwingine alimkana mbele ya mama: "Huyu simjui, aliokotwa sokoni." Mama alicheka mpaka akasahau fimbo. Ndivyo tulivyookoana.

Saa sita mchana simu yangu ikalia. Nafanya kazi maabara ya maji. Wenzangu watatu walikuwa wanakunywa chai, na mimi watu wakishanitazama, ulimi hauna breki.

"Katibu, nimemshika mtu na televisheni. Anasema ni kaka yako. Nimeweka spika, anakusikia."

"Sura yake ikoje?"

"Ana pengo la mbele, bosi."

"Huyo simjui. Aliokotwa sokoni. Mfungeni kamba!"

Wenzangu wakaangua kicheko. Kwa mbali, ndani ya simu, nikamsikia kaka naye akicheka. Nikakata, nikaitia simu kwenye droo kama sheria ya maabara inavyotaka, nikavaa glavu. Sampuli zilikuwa arobaini na mbili. Nilizipima zote, moja moja, kwa uangalifu.

Nilifika mtaani saa kumi. Alikuwa ameketi chini, ameegemea nguzo ya geti, mdomo umevimba, televisheni kando yake kama washitakiwa wawili wa kesi moja. Mlinzi, mtu wa makamo kama mimi, akakakamaa na kupiga saluti.

"Polisi hawajaja, katibu. Na wewe nimekupigia tena mara tano."

"Na mdomo?"

"Uliposema humjui, akacheka. Nikaona ananidharau." Akatazama viatu vyake. "Nikamzaba makofi mawili."

Mwalimu mstaafu alikuwa barazani kwake, ng'ambo ya barabara. Alicheza drafti na kaka kila jioni.

"Mwalimu, si ungesema?"

"Wewe ndiye uliyesema si wako," akajibu bila kuinua macho. "Nikadhani mna yenu ya nyumbani."

Fundo likalegea. Kaka akasugua viganja vyake, akaibeba televisheni peke yake, hakutaka nishike upande. Nilitafuta la kusema, mimi ambaye hata msibani silikosi. Nikatafuta na uchungu, au aibu, chochote, kama mtu anayepapasa swichi kwenye nyumba ya watu. Sikupata.

"Kaka," nikasema nyuma yake.

"Mm."

Basi.

Jioni ile ile nilimwandika kwenye orodha, nikamtengenezea kitambulisho cha mkazi, chenye picha na plastiki juu. Alikipokea kwa mikono miwili, akashukuru.

Sasa ni miaka minne. Walinzi wote wanamjua, wanamwita mzee, wanamfungulia geti kabla hajalifikia. Hawamuulizi kitu. Lakini akitoka chumbani kwake uani kuja kula, hubisha hodi mlangoni kwangu, na nikifungua namkuta amekishika kitambulisho usawa wa kifua, picha ikinitazama. Siku za mwanzo nilicheka, nikingoja na yeye acheke. Pengo lake silioni tena. Anasimama tu pale, chakula kinapoa, anangoja.

"Wetu," nasema.

Ndipo anaingia.