Dakika Kumi na Mbili za Ruta

Ruta ya nyumbani kwa marehemu Anastazia, pale Misigiri, ilikuwa na ugonjwa mmoja: kila baada ya robo saa ilikata mtandao, ikakaa kimya kidogo, kisha ikarudi kama haijafanya kosa lolote. Siku za kawaida nani angejali? Ukikatika unateleka chai, ukirudi unaendelea. Lakini Jumamosi ile Anastazia alikuwa anazikwa, na mwanawe Shukuru alikuwa Ujerumani akihudumia wazee wa watu, kibali chake cha kuishi kikiwa mezani kwa maofisa. Angetoka, asingeruhusiwa kurudi. Alimwomba dada yake Damari jambo moja tu, amwonyeshe mama anavyoshushwa kaburini, mwanzo mpaka mwisho, bila kukatikakatika.

"Dada, nikikosa hilo sitapona," alimwambia.

Damari akaahidi. Ahadi ni deni, na hili lilikuwa na antena mbili.

Simu peke yake isingefaa. Pale nyumbani mtandao wa simu unaupata ukipanda kichuguu nyuma ya zizi, na mfiwa hawezi kuonekana juu ya kichuguu. Ruta ndiyo iliyokuwa ikiudaka dirishani, chumbani kwa mama, na kuufikisha hadi uani lilipochimbwa kaburi. Kwa hiyo siku ya Ijumaa Damari alimpigia Sixbert, fundi wa Singida mjini aliyewauzia.

"Tatizo hilo linajulikana," Sixbert alisema. "Watengenezaji wameshatoa programu mpya. Unaingia kwenye ukurasa wake, unabonyeza kusasisha, dakika kumi na mbili kazi imekwisha. Ila nisikufiche. Umeme ukicheza hapo katikati, au mtu akichomoa waya, hiyo si ruta tena. Ni kopo."

Sasa hapo ndipo penye kazi. Jirani yao, Mzee Fabiano, ana mashine ya kukamua alizeti, na huo ulikuwa msimu wenyewe. Mashine ikiwashwa, taa za nyumba tatu zinafifia na ruta inajizima. Na kwa siku inawashwa mara ngapi, anajua Mungu. Usiku wa Ijumaa mashine ilipolala, umeme nao ukalala, vikaamka pamoja saa mbili asubuhi.

Baba mdogo Paskali, msemaji wa familia, hakutaka hata kusikia. "Iacheni hivyo hivyo. Nusu shari kuliko shari kamili. Akiona vipandevipande, si ameona?"

Baba mdogo habishiwi, kwa hiyo Damari akaenda zake kwa Mzee Fabiano.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Poleni sana."

"Tumeshapoa. Baba, nilikuja kuomba uzime mashine, nusu saa tu."

Mzee akatazama magunia, na wenye magunia wakiwa wamekaa juu yake, wengine wametoka Shelui tangu jana. Hakuwa mtu mbaya. "Hawa nitawaambia nini, mwanangu? Ila jeneza likitoka ndani nazima, kama tunavyofanya siku zote. Sitawasha mpaka tuwe tumezika."

Ndivyo ilivyo pale. Mwili ukitoka nje, kila kinachounguruma kinanyamaza. Damari akarudi huku akipanga kichwani. Jeneza likitoka, wageni wanapita kumuaga marehemu, wanafamilia wanapita mwisho. Mama yake alikuwa ameimba kwaya miaka arobaini. Wageni wake wangemaliza saa nzima. Dakika kumi na mbili angezipata humo, na bado angetoka kumuaga mama.

Na alikuwa anataka kumuaga, tena sana. Siku mama alipozidiwa akakimbizwa hospitali, Damari alikuwa shambani. Mama akafia hukohuko. Binamu yao Editha na wanawake wengine ndio waliokwenda kumwosha na kumvika. Damari akaambiwa abaki apokee wageni. Jeneza lenyewe lilifika Jumamosi saa nne, limefungwa, likisubiri saa yake ya kufunguliwa.

Angemwachia mtu mwingine kazi ya kuilinda ruta? Nani? Tangu asubuhi wageni walikuwa wameshachomoa waya wake mara tatu ili wachaji simu, na mmoja wao alikuwa mzee wa kanisa. Mlango wa chumba nao kitasa chake kilikufa zamani.

Saa nane jeneza likatoka. Mashine ya Mzee Fabiano ikanyamaza. Damari akiwa peke yake chumbani akabonyeza.

Asilimia kumi. Ishirini na tano. Arobaini. Ilikwenda vizuri mpaka sitini na moja, ikasimama. Sixbert alikuwa amemwonya kuwa inaweza kusimama, na ikisimama asiiguse. Dakika kumi na mbili zikapita, na nyingine tano juu yake.

Huko nje mchungaji naye alikuwa na yake. Akatangaza kwamba jua ni kali na waombolezaji ni wengi, basi watu wapite pande zote mbili za jeneza bila kusimama. Saa nzima ya Damari ikawa robo saa. Mara akasikia, "Watoto wa marehemu."

Akanyanyuka. Alikuwa ameshafika mlangoni alipokutana na mama mmoja mgeni, simu mkono huu, chaja mkono huu.

"Mwanangu, hapo kwenye soketi pana nafasi?"

Damari alimtazama. Kisha akarudi akasimama mbele ya soketi. "Hapana nafasi, mama."

Uani sauti ya baba mdogo ikauliza, "Damari yuko wapi?"

"Yuko ndani. Ameshindwa," mtu akajibu.

"Basi mwacheni. Msimlazimishe."

Asilimia sabini na nne. Kwaya ikaanza wimbo unaoimbwa kifuniko kinaporudishwa. Damari aliujua wimbo huo tangu utotoni na alijua beti zake ni ngapi. Aliumia, hakuna namna nyingine ya kulisema. Ubeti wa mwisho ulipokwisha taa ya kijani ikawaka, na alipotoka na simu, jeneza lilikuwa limeshafungwa.

Shukuru aliona yote. Aliona kamba zikiachiwa, udongo, misalaba, mashada, hata wajukuu waliogombania koleo. Kwa saa moja na dakika ishirini mtandao haukutikisika hata kidogo. Baba mdogo alipita mara mbili kuitazama ile simu.

Watu walipokwenda kula, Damari na Editha walikaa nyuma ya jiko wakiosha sahani. Shukuru akapiga.

"Dada, Mungu akubariki. Haikukatika hata mara moja. Nimemzika mama yangu." Akalia kidogo, akajikaza. "Ila mlipomfungua nilikuwa bado sijaunganishwa. Niambie, alikuwaje usoni? Mlimvalisha nini?"

Damari akaweka sahani chini. Akakausha mikono kwenye kanga. Akaweka simu kwenye spika, akaisimamisha juu ya ndoo, kati yake na binamu yake.

"Editha, mwambie mama alikuwaje," akasema. "Mwambie polepole. Na mimi nasikiliza."