Chupa ya Sanobari

Binti wa kazi aitwaye Sikujua hakuwa mwizi. Alijiambia hivyo kila alipopanda kigoda cha jikoni na kunyoosha mkono mpaka kabati la juu, na kwa miezi mitano maneno hayo yalimtosha. Chupa yenyewe ilikuwa ya kioo, haina lebo, imejaa mbegu za misonobari ambazo watu wa nyumba ile waliziita sanobari. Madam Najla alimwambia mara moja tu kwamba asizipikie, zimewekwa kwa siku maalumu. Hakusema asionje, au ndivyo Sikujua alivyoamua kusikia.

Yote yalianzia ulimini. Sanobari ya kwanza aliyoitafuna ilimrudisha Tanga, chini ya mkungu wa shuleni, yeye na wenzake wakigonga kokwa za kungu kwa jiwe ili wapate kile kiini chembamba chenye mafuta. Kule kungu hazina mwenyewe. Aliyeokota ndiye mlaji, na hakuna mtoto aliyewahi kuomba ruhusa. Basi akawa anadokoa, punje tatu asubuhi, tano mchana, na siku akikumbuka kwao sana, kiganja kizima.

Kisha mzee Wahid akaanza kusimulia. Huyu alikuwa baba yake madam, ameletwa Dubai kutoka Lebanoni baada ya kufiwa na mkewe. Macho yalikuwa yamefifia, rafiki hana hata mmoja katika ghorofa zote za mtaa ule wa Al Jaddaf, na kazi ya kumsikiliza ikamwangukia mfanyakazi. Kwa miaka sita Sikujua alikuwa amejifunza Kiarabu cha jikoni, na siku ile alitamani asingekijua. Mzee alimweleza jinsi mkewe alivyokwenda msituni nyuma ya kijiji kila mwaka, akaangusha matunda ya misonobari kwa fito ndefu, akayaanika juani mpaka yakafunguka, kisha akakaa kibarazani kupasua mbegu moja moja kwa jiwe. Vidole vyake vilibaki vyeusi kwa utomvu wiki nzima. Ile chupa ya kabatini ndiyo yalikuwa mavuno yake ya mwisho. Ingefunguliwa siku atakapotimiza mwaka kaburini, zikaangwe, zimwagwe juu ya wali, watu wale na kumwombea.

Sikujua alisikiliza yote akiwa ameshika kitambaa cha vyombo. Chupani palikuwa pamebaki kiganja kimoja. Mwenye akili zake angekwenda kusema siku ile ile. Yeye alipanda kigoda kesho yake akamaliza zilizobaki, kwa woga mtupu, maana aliona chupa tupu inaweza kutungiwa kisingizio chochote, lakini yenye punje chache inasema wazi kuna mkono ulioingia.

Madukani sanobari ziliuzwa, lakini za madukani zilikuwa fupi na nene. Zile za kijijini zilikuwa ndefu, nyembamba, na madam angezitambua kwa mbali. Ndipo Sikujua akakumbuka kwamba kiini cha kungu kikichanwa kwa kisu hutoa vijipande vya namna ile ile, na kwamba mtaa wa Al Baraha, wenye nyumba za zamani, mikungu ilikuwa imejaa.

Ijumaa tatu mfululizo, siku zake za mapumziko, aliwahi kabla mfagiaji hajapita, akainama chini ya miti na mfuko wa plastiki huku joto la Agosti likimchoma mgongo. Alizipasua na kuzichana, apate za kujaza ile chupa, chumbani kwa Amne, shoga yake wa Mombasa aliyekuwa akishona nguo Satwa. Amne alimtazama anavyojigonga kidole gumba kwa nyundo, akashindwa kuvumilia.

"Shoga, mwambie tu madam. Hapa unaongeza kosa juu ya kosa."

Sikujua alijibu kwamba atasema, inshallah, shughuli ikishapita.

Siku ya shughuli madam alikaanga mwenyewe. Alipotia kijiko cha kwanza mdomoni alifumba macho, akasema mama yake yuko hapa mezani, kisha akalia. Sikujua, amesimama na jagi la maji, alitamani ardhi ipasuke immeze. Mzee Wahid alitafuna polepole, akaweka kijiko chini.

Alasiri, wageni walipoondoka, Sikujua alimpelekea mzee kahawa kwenye baraza. Mzee hakugusa kikombe. Aliomba mkono wake, akaupapasa kidole kwa kidole mpaka akafika kwenye gumba lenye kidonda.

"Umepasua kwa jiwe."

"Kwa nyundo, baba."

Akauliza ni nini kile walichokula. Sikujua akamweleza kungu, mti wa kwao, Ijumaa tatu za Al Baraha.

"Na zake ziko wapi?"

Uongo ulikuwa tayari, ameuandaa tangu Julai: wadudu waliingia, akazitupa. Akautazama mkono wake uliokuwa bado mkononi mwa mzee.

"Nimezila mimi, baba. Zote."

Mzee hakuuachia mkono. Sikujua akangoja amwite bintiye, akaanza kupanga sanduku lake kichwani.

"Mwaka huu sikuonja hata moja," mzee alisema. "Najla alitaka zingoje leo, na mimi nikangoja." Akakivuta kiti cha pili karibu. "Kaa, binti yangu. Niambie zilikuwaje."

Sikujua akakaa. Alifungua mdomo amweleze, akaitafuta ladha ile ulimini, na alichokipata ni kungu, jiwe, na kivuli cha mti wa shuleni. Alikuwa amemaliza chupa nzima ya mke wa watu, na muda wote huo hakuwa ameonja chochote ila kwao.